Petroli kutokana na makaa ya mawe: Ujuzi uliozaliwa na dhiki

KILA mara bei ya mafuta ghafi inapopanda katika soko la kimataifa, swali moja la zamani huibuka upya katika mataifa yasiyo na visima vya mafuta lakini yaliyojaliwa makaa ya mawe: Je, jiwe hili jeusi haliwezi kugeuzwa kuwa petroli?

Jibu ni kwamba linaweza, na ujuzi wa kufanya hivyo umekuwapo kwa zaidi ya miaka 100.

Katika mji wa Secunda, mkoani Mpumalanga nchini Afrika Kusini, kuna kiwanda ambacho tangu mwaka wa 1980 kimekuwa kikimeza makaa ya mawe upande mmoja na kutoa petroli, dizeli na mafuta ya ndege upande wa pili. Kilijengwa kiweze kutoa mapipa yapatayo 150,000 kwa siku, na pipa moja ni sawa na takriban lita 159.

Swali lililo gumu zaidi ni kwa nini, ikiwa jambo hili linawezekana, ni nchi chache mno zilizolifanya kwa kiwango kikubwa. Orodha yake haizidi vidole vya mkono mmoja, na katika orodha hiyo Ujerumani, Afrika Kusini na China ndizo zilizofika mbali zaidi.

Historia ya mataifa hayo matatu inaonyesha kuwa hakuna hata moja lililoshika njia hii kwa sababu mafuta ya aina hiyo yalikuwa nafuu. Kila moja liliishika kwa kuhofia kwamba siku moja meli za mafuta zingekoma kutia nanga katika bandari zake.

Kaboni na haidrojeni

Makaa ya mawe yasichanganywe na makaa ya jikoni ambayo hutokana na miti iliyochomwa. Haya ni mabaki ya mimea iliyozama katika vinamasi mamilioni ya miaka iliyopita, ikafunikwa na matabaka ya udongo na kukandamizwa hadi ikawa mwamba unaoweza kuwaka.

Kikemia, makaa hayo na petroli ni jamaa wa karibu. Vyote viwili vimejengwa hasa kwa kaboni na haidrojeni. Kinachovitenganisha ni uwiano wa viungo hivyo.

Katika makaa ya mawe, kwa kila atomi 10 za kaboni kuna takriban atomi nane za haidrojeni. Katika petroli na dizeli, kwa kila atomi 10 za kaboni, atomi za haidrojeni hukaribia 20. Upungufu huo wa haidrojeni ndio unaoyafanya makaa kuwa mango, ilhali petroli hutiririka.

Kwa hivyo, anayetaka kugeuza makaa kuwa mafuta hana budi kufanya moja kati ya mambo mawili, au yote mawili: kuongeza haidrojeni na kuondoa kaboni. Haidrojeni hiyo aghalabu hutolewa katika maji. Kaboni inayoondolewa nayo huishia hewani. Hesabu hiyo ndogo ndiyo chanzo cha sifa na lawama zote ambazo teknolojia hii imepata.

Njia mbili

Njia ya kwanza huyageuza makaa moja kwa moja. Mvumbuzi wake ni mwanakemia Mjerumani, Friedrich Bergius, aliyeisajili mwaka wa 1913.

Makaa husagwa yakawa unga, yakachanganywa na mafuta mazito hadi yakawa kama uji, kisha gesi ya haidrojeni ikashindiliwa ndani yake. Uji huo hupashwa joto la nyuzi zipatazo 450 za selisiasi, chini ya shinikizo linalozidi lile la hewa ya kawaida kwa mara 200 au zaidi. Katika hali hiyo molekuli kubwa za makaa hukatikakatika, na kila kipande hujishikiza kwa haidrojeni na kuwa mafuta.

Bergius alituzwa Nishani ya Nobel ya kemia mwaka wa 1931 pamoja na Mjerumani mwenzake, Carl Bosch, kwa kazi yao ya kutumia mashinikizo makubwa katika kemia.

Njia ya pili huzunguka. Iliasisiwa katikati ya miaka ya 1920 na Franz Fischer na Hans Tropsch, watafiti wa taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe mjini Mülheim, Ujerumani. Wao hawakujaribu kuyayeyusha makaa. Waliyavunja kabisa yakawa gesi, kisha wakayajenga mafuta upya kutoka mwanzo.

Makaa hutiwa katika tanuri kubwa lililofungwa, pamoja na mvuke na oksijeni. Oksijeni hupimwa iwe haba ili makaa yasiungue yote. Kinachotoka ni mchanganyiko wa gesi mbili: kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu ambayo huua watu wanaolala na jiko la makaa katika chumba kisichopitisha hewa, na haidrojeni.

Mchanganyiko huo husafishwa kwa makini, hasa kuondoa salfa. Kwa kuwa haidrojeni iliyomo kwa kawaida haitoshi, sehemu ya kaboni monoksidi huchanganywa na mvuke zaidi. Maji huachilia haidrojeni yake, nayo kaboni monoksidi hugeuka kuwa kaboni dioksidi, gesi inayochangia ongezeko la joto duniani.

Hatimaye gesi iliyosafishwa hupitishwa kwenye kichocheo cha chuma au kobalti, katika joto la kati ya nyuzi 200 na 350. Hapo atomi za kaboni huanza kushikana moja baada ya nyingine, mithili ya shanga zinavyotungwa kwenye uzi. Nyuzi fupi huwa gesi ya kupikia, za wastani huwa petroli, zilizo ndefu kidogo huwa mafuta ya ndege na dizeli, na zilizo ndefu kabisa huwa nta inayofaa kutengenezea mishumaa.

Mgala muue na haki yake mpe. Kwa kuwa salfa hukiharibu kichocheo, huondolewa yote mapema, na dizeli inayopatikana huwa karibu haina salfa hata kidogo. Inapochomwa ndani ya injini, hutoa moshi safi kuliko dizeli nyingi zitokanazo na mafuta ghafi.

Isitoshe, mbinu hii haijali sana inalishwa nini. Chochote chenye kaboni kinachoweza kugeuzwa kuwa gesi kinaweza kutumika: gesi asilia, masalio ya mazao shambani, mbao, hata takataka za mijini. Nchini Qatar, kiwanda cha Pearl kilichoanza kazi mwaka wa 2011 hutumia gesi asilia na kina uwezo wa kutoa mapipa 140,000 kwa siku ya bidhaa za aina hii.

Vita vya Hitler

Ujerumani ilikuwa na makaa mengi lakini visima vichache. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari za Uingereza ziliifungia njia za bahari, na somo hilo halikusahauliwa. Mwaka wa 1927, kampuni ya kemikali ya IG Farben ilianza kutengeneza petroli katika kiwanda cha Leuna kwa kutumia mbinu ya Bergius.

Mambo yalianza kwenda mrama mara moja. Mafuta mengi yaligunduliwa Texas, Marekani, uchumi wa dunia ukaporomoka, na petroli ya Leuna ikawa ghali mno kuliko ile iliyoagizwa kutoka ng'ambo. Kilichoiokoa ni siasa. Mnamo Desemba 1933, serikali mpya ya Wanazi ilitia saini mkataba wa kuihakikishia kampuni hiyo bei na soko.

Kufikia mapema mwaka wa 1944, Ujerumani ilikuwa na viwanda 12 vya aina ya Bergius na tisa vya aina ya Fischer na Tropsch. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya ndege zake za kivita yalitokana na makaa ya mawe.

Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa kwa damu ya watu. Huko Monowitz, karibu na kambi ya mauti ya Auschwitz, IG Farben ilitumia wafungwa, wengi wao Wayahudi, kujenga kiwanda cha mpira na mafuta bandia. Maelfu yao waliangamia.

Viwanda hivyo vilikuwa pia shabaha rahisi. Mnamo Mei 12, 1944, ndege za Marekani zilianza kuvishambulia kwa mabomu. Kwa mujibu wa uchunguzi uliofanywa na Marekani baada ya vita, uzalishaji wa mafuta ya ndege katika viwanda hivyo ulikuwa tani 175,000 mwezi wa Aprili. Mwezi wa Julai ulishuka hadi tani 30,000, na Septemba ukawa tani 5,000 pekee. Ndege za Ujerumani zilibaki ardhini kwa kukosa mafuta.

Vita vilipomalizika, Marekani ilijaribu ujuzi huo katika kiwanda cha majaribio kilichofunguliwa mwaka wa 1949 katika mji uitwao Louisiana, jimboni Missouri. Lakini mafuta ya Mashariki ya Kati yalikuwa yakimwagika sokoni kwa bei ya chini. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka wa 1953.

Kinga ya ubaguzi wa rangi

Ni Afrika Kusini iliyouokota ujuzi huo wakati wengine walipokuwa wakiutupa. Kampuni ya Sasol iliundwa na serikali mwaka wa 1950, miaka miwili baada ya chama cha National kuingia mamlakani na kuanza kuugeuza ubaguzi wa rangi kuwa sheria za nchi. Mji mpya, Sasolburg, ulijengwa juu ya hazina ya makaa, na mafuta ya kwanza yakapatikana mwaka wa 1955.

Kwa karibu miaka 20 kiwanda hicho kilikuwa kidogo tu. Hali ilibadilika mwaka wa 1973, mataifa ya Kiarabu yalipokatiza mauzo ya mafuta kwa Afrika Kusini. Mfalme wa Iran aliendelea kuiuzia, na kwa miaka sita sehemu kubwa ya mafuta yake ilitoka huko. Mnamo 1979 mfalme huyo alipinduliwa, na mlango huo pia ukafungwa.

Mfa maji haachi kutapatapa. Serikali ya Pretoria ilikuwa imekwisha kuamua mwishoni mwa mwaka wa 1974 kujenga kiwanda cha pili. Mara baada ya mapinduzi ya Iran ikaamua kujenga cha tatu, kando ya kile cha pili. Mji uliochipuka hapo uliitwa Secunda, neno la Kilatini lenye maana ya pili. Viwanda hivyo viwili vilianza kazi mwaka wa 1980 na 1982.

Waliokuwa wakipigania uhuru walitambua maana ya viwanda hivyo. Mnamo Juni 1980, wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, walilipua matangi ya mafuta mjini Sasolburg. Moto uliwaka na moshi ukatanda angani. Lilikuwa miongoni mwa mashambulio yaliyoitikisa zaidi serikali hiyo, kwa kuwa yaligusa kinga iliyoitegemea dhidi ya vikwazo vya dunia.

Utawala wa ubaguzi uliondoka mwaka wa 1994 lakini mitambo ikabaki. Sasol iliendelea kukua, ikajulikana kote duniani kwa ujuzi wake, na bidhaa zake zikaongezeka: mbolea, plastiki, vileo vya viwandani, nta. Tangu mwaka wa 1999, mafuta ya ndege yaliyochanganywa na yale yatokanayo na makaa ya mawe yamekuwa yakiruhusiwa katika uwanja mkuu wa ndege wa Johannesburg. Huenda msafiri aliyetoka huko kurejea Nairobi amewahi kubebwa na makaa ya Secunda bila kujua.

Bei isiyoandikwa kwenye pampu

Nyumba njema si mlango. Dizeli isiyo na salfa ni mlango mzuri, lakini ndani ya nyumba kuna hesabu nyingine.

Kwanza ni makaa yenyewe. Secunda hutumia takriban tani milioni 40 kwa mwaka. Ukigawanya kiasi hicho kwa mapipa yanayotoka, utapata kuwa tani nzima ya makaa haifikishi pipa moja na nusu la mafuta. Sehemu kubwa ya kawi iliyomo katika jiwe hupotea njiani, kwa kuwa makaa hayo hayo ndiyo yanayochomwa ili kupata mvuke na umeme wa kuendeshea mitambo.

Makaa hayo huchimbwa chini ya ardhi na binadamu. Mnamo Mei 1993, mlipuko katika mgodi wa Middelbult huko Secunda uliwaua wafanyakazi 53.

Pili ni maji. Haidrojeni hutolewa humo, mvuke hutengenezwa kwayo, na mitambo hupozwa kwayo. Secunda hutegemea maji ya mfumo wa mto Vaal, ambao pia hunywesha jiji la Johannesburg na viunga vyake, na ilibidi bomba la zaidi ya kilomita 100 lijengwe kutoka bwawa la Vaal ili kukidhi mahitaji ya viwanda na mitambo ya umeme ya eneo hilo.

Tatu ni hewa. Secunda hutoa zaidi ya tani milioni 50 za gesi zinazochangia ongezeko la joto kila mwaka, na imetajwa mara nyingi kuwa mahali pamoja panapotoa gesi hizo kwa wingi zaidi duniani. Gesi ya kaboni inayotokana na petroli, dizeli na mafuta mengine yote yanayochomwa nchini Kenya kwa mwaka mzima haifikii nusu ya kiasi hicho.

Kwa jumla, ukihesabu kuanzia mgodini hadi kwenye bomba la moshi la gari, lita moja ya mafuta yanayotokana na makaa huchafua anga takriban mara mbili ya lita itokanayo na mafuta ghafi, isipokuwa gesi ya kaboni iwe imenaswa kiwandani na kuzikwa ardhini.

Hayo si madhara ya angani pekee. Mnamo Machi 2022, Mahakama Kuu mjini Pretoria iliamua kwamba uchafuzi wa hewa katika nyanda za Highveld, ambako kuna Secunda na mitambo mingi ya umeme inayotumia makaa ya mawe, ulikiuka haki ya kikatiba ya wakazi ya kuishi katika mazingira yasiyodhuru afya zao. Kesi hiyo iliwasilishwa na mashirika ya kutetea mazingira, likiwemo la wakazi wenyewe.

Nne ni fedha. Kiwanda cha aina hii hugharimu mabilioni ya dola kabla ya kutoa hata lita moja, na huchukua miaka kujengwa. Bei ya mafuta nayo haisubiri. Mnamo Julai 2008, pipa liliuzwa kwa zaidi ya dola 140. Mapema mwaka wa 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Mwaka wa 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, lilipita tena dola 120. Mwekezaji aliyeanza kujenga bei ikiwa juu anaweza kuzindua kiwanda chake bei ikiwa chini.

Marekani iliyajua hayo kwa njia ngumu. Mnamo Juni 1980, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyobuni shirika la serikali la kufadhili mafuta bandia. Lengo lilikuwa kutoa mapipa 500,000 kwa siku kufikia mwaka wa 1987, na milioni mbili kufikia 1992. Bei ya mafuta iliposhuka, mpango huo ulikosa maana, na mwaka wa 1986 shirika hilo likafungwa.

Zamu ya China

Taifa lililoiendeleza kazi hiyo katika karne hii ni China, ambayo ina makaa mengi lakini imekuwa ikiagiza mafuta kwa wingi kuliko inayouza tangu mwaka wa 1993. Meli nyingi zinazoyabeba hupitia mlangobahari mwembamba wa Malacca, na wakuu wa Beijing wanajua vyema ugumu utakaowafika ukizibwa.

Mwishoni mwa mwaka wa 2008, kampuni ya serikali ya Shenhua iliwasha kiwanda huko Ordos, katika eneo la Mongolia ya Ndani. Kilikuwa cha kwanza duniani kutumia njia ya moja kwa moja kwa kiwango cha kibiashara tangu Vita vya Pili vya Dunia, na kina uwezo wa kutoa takriban tani milioni moja za mafuta kwa mwaka. Desemba 2016, kiwanda kingine kikubwa zaidi, kinachotumia njia ya Fischer na Tropsch, kilizinduliwa katika eneo la Ningxia kikiwa na uwezo wa tani milioni nne kwa mwaka.

Maeneo yote mawili ni makavu. Mnamo 2013, shirika la Greenpeace lilichapisha ripoti iliyodai kuwa kiwanda cha Ordos kilikuwa kikikausha maji ya ardhini ambayo wakulima na wafugaji waliyategemea. Mwaka uliofuata, kampuni hiyo ilisema itaacha kuyatumia maji hayo.

Wakati China ikijenga, mwalimu wake alikuwa akijitenga na somo. Kiwanda cha Sasolburg kiliacha kutumia makaa kama malighafi mwaka wa 2004 na kuanza kutumia gesi asilia iliyoletwa kwa bomba la kilomita 865 kutoka Msumbiji. Mwishoni mwa mwaka wa 2017, Sasol ilitangaza kuwa haitawekeza tena katika viwanda vipya vya kugeuza makaa kuwa mafuta. Baadaye ikaahidi kupunguza gesi chafu kwa asilimia 30 kufikia mwaka wa 2030.

Ahadi hiyo si nyepesi. Secunda ni mji uliojengwa kwa ajili ya kiwanda kimoja. Maelfu ya familia hula kwa mishahara ya migodi na mitambo yake, na sehemu kubwa ya magari ya Afrika Kusini hunywa mafuta yake. Kukifunga ghafla kutawaumiza wale wale ambao mapafu yao yanaumizwa na moshi wake.

Funzo kwa Kenya

Kenya haiwezi kulitazama suala hili kama la majirani wa mbali. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichofunguliwa mwaka wa 1963, kiliacha kazi hiyo mwaka wa 2013. Tangu hapo, petroli na dizeli huagizwa zikiwa tayari zimesafishwa, na bei ya ng'ambo ikipanda, nauli ya matatu na bei ya unga hufuata.

Wakati huo huo, makaa ya mawe yapo katika Bonde la Mui, Kaunti ya Kitui. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, serikali ilikadiria kuwa kitalu kimoja tu cha bonde hilo kina takriban tani milioni 400. Kampuni kutoka China ilipewa kibali cha kuchimba, lakini wakazi waliuliza maswali kuhusu fidia na mahali pa kuhamia, na zaidi ya miaka 10 baadaye uchimbaji wa kibiashara ulikuwa haujaanza.

Tani milioni 400 zinasikika nyingi. Hata hivyo, kiwanda chenye ukubwa wa kile cha Secunda kingezimaliza kwa miaka 10 pekee, muda usiotosha kurejesha gharama ya kukijenga. Kingehitaji pia maji mengi katika kaunti ambayo akina mama hutembea kilomita kadhaa wakiwa na mitungi, na mito yake mingi hukauka mvua inapokatika.

Mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe huko Lamu ulionyesha kwamba Wakenya hawakubali tena mambo kama hayo bila kuulizwa. Mnamo Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi huo, likisema umma haukushirikishwa ipasavyo na tathmini ya athari za mazingira haikuwa kamilifu.

Huenda sehemu ya ujuzi wa Fischer na Tropsch itakayodumu ni ile isiyohitaji makaa kabisa. Wanasayansi wanaweza kupata haidrojeni kwa kuyatenganisha maji kwa umeme wa jua, upepo au mvuke wa ardhini, kisha wakaiunganisha na kaboni iliyonaswa hewani au iliyotokana na masalio ya mimea. Muungano wa Ulaya umepitisha sheria inayotaka sehemu ya mafuta ya ndege katika viwanja vyake itokane na mbinu hiyo kuanzia mwaka wa 2030. Gharama yake ingali juu mno, lakini hesabu ya kaboni yake ni tofauti na ile ya Secunda.

Kwa taifa lolote linaloahidiwa petroli kutoka katika mwamba wake, historia ya miaka 100 inatoa maswali manne ya kumuuliza mwenye kuahidi kabla ya kutia saini. Maji yatatoka wapi? Kaboni itakwenda wapi? Bei ya mafuta ikianguka, nani atalipa hasara? Na wanaoishi juu ya mwamba huo watahamia wapi?

Ujerumani ya Wanazi na Afrika Kusini ya ubaguzi hazikuwauliza raia wao maswali hayo, kwa kuwa zilikwisha kuamua kuwa jibu, liwalo lote, halingebadilisha nia yao. Nchi ambayo bandari zake ziko wazi ina nafasi ya kuuliza.